Kilo Tatu kwa Ukoo wa Baba

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatatu, Mama Naserian aliingia dukani kwangu Sokon I, akafunga upya kitenge kiunoni, akaniambia anataka keki ya kipaimara cha binti yake. Naukumbuka muda huo kwa sababu nilikuwa na keki ndani ya oveni inayotakiwa kutoka saa mbili na nusu, na macho yangu yalikuwa kwenye saa ya ukutani. Nitaeleza yaliyofuata, kwa kuwa katika kazi zote nilizofanya, hiyo ndiyo inayonirudia. Lakini ninyi mnaobaki na kazi hii hamtaielewa bila kujua kwanza nilivyofundishwa kupima keki. Nianze huko.

Sikusomea upishi. Nilimaliza darasa la saba, nikapata kazi ya kuosha vyombo katika hoteli moja ya watalii hapa mjini. Mpishi wa keki alikuwa Bwana Mathei, mtu mwembamba asiyecheka, aliyevaa sweta chini ya koti la jikoni hata mbele ya oveni. Siku moja msaidizi wake hakuja. Aliniita, akanipa trei ya mayai na kikombe, akasema nipasue yai moja moja kwenye kikombe ndipo nimimine kwenye bakuli.

“Kwa nini nisipasue moja kwa moja kwenye bakuli?” nilimuuliza.

“Kwa sababu yai bovu moja litamwagisha bakuli zima, na mshahara wako hautoshi bakuli zima.”

Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza, na hadi juzi nilipowaachia duka nilikuwa bado napasulia kwenye kikombe.

Mengine nilijifunza mwenyewe, jioni, kwenye vitabu vilivyokwishatumika nilivyonunua vikiwa vimetandazwa chini sokoni. Vitabu hivyo vilinitesa. Nilifuata kila kipimo, na kila keki ilipanda haraka kama iliyotishwa, kisha ikadidimia katikati. Nilidhani ni unga, nikabadilisha unga. Nilidhani ni oveni, nikakoroga makaratasi na udongo nikaziba nyufa za mlango wake. Mwishowe Bwana Mathei aliniambia kwamba aliyeandika kitabu hakujua kuwa sisi tunaishi mlimani. Huku juu keki huhitaji nguvu ndogo tu ili ipande. Nikaanza kupunguza hamira ya unga kidogo kidogo, nikiandika kila jaribio, mpaka keki ikasimama. Kipimo hicho nimewaachia. Kimebandikwa ndani ya mlango wa kabati, na tafadhali msikibadilishe kwa sababu tu mmeona kingine kwenye simu.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Mabati ya duara nilitengenezewa na fundi bati, na kwa kuwa alikadiria kwa macho, hakuna mawili yaliyolingana. Ilinibidi niyapime kwa maji ili nijue kila moja linabeba kiasi gani. Mizani nilinunua mpya, kitu pekee nilichokataa kununua mtumba. Kisu cha meno alinipa Bwana Mathei alipostaafu. Mpini wake umebadilishwa mara kadhaa, lakini chuma ni kile kile.

Kupima keki kwa mizani ni kazi ya siku moja kujifunza. Kupima keki kwa sherehe ndiko kulikonichukua miaka. Tulipoanza kutoka kwenda kufanya kazi za nje, mimi na Bwana Mathei, tulipeleka keki ya harusi Moshono, ghorofa tano, zote keki ya kweli, si maboksi yaliyopambwa, kwa sababu kamati ilitaka ionekane hadi nje ya ukumbi. Kamati ilihesabu kadi: za singo mtu mmoja, za dabo wawili. Hesabu ilikuwa sahihi. Lakini wageni walikuwa wameshiba ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, na pilau, na kila mmoja alichukua kipande kimoja kwenye kijiti cha meno, akarudi kucheza. Zaidi ya nusu ilirudi nyumbani kwa maharusi. Nilikutana na yule bibi harusi mwaka uliofuata. Alinisalimia kwa heshima akiwa amesimama mbali kidogo, akasema bado hawezi kuvumilia harufu ya vanila.

Tukiwa njiani kurudi kutoka Moshono, Bwana Mathei alisema, “Wewe huwa unauliza watu wangapi. Hilo ni swali la mpishi wa wali.”

“Niulize nini?”

“Uliza nani atakula, nani atalishwa, na nani atakabidhiwa. Wanaokula unawahesabu. Wanaolishwa ni wawili watatu pale mbele, hao ni wa picha. Lakini wanaokabidhiwa, hapo uwe makini, maana hapo hakuna anayekula. Hapo watu wanasoma.”

Aliowamaanisha ni hawa: wazazi, wakwe, wajomba, ukoo, kila upande ukiitwa mbele kwa muziki na kukabidhiwa keki yake nzima kwenye sinia, mbele ya watu wote. Keki hiyo haikatwi hapo kwa kawaida. Inapokelewa, inachezewa muziki kidogo, inapelekwa mezani kwao. Bwana Mathei alikuwa na kanuni moja tu juu ya keki hizo, nayo ni kwamba zisiwe ndogo za kuaibisha. Ukubwa hakuwahi kuusemea. Nami sikumuuliza, kwa kuwa kila nilipopeleka keki kubwa, watu walifurahi.

Sasa nirudi kwa Mama Naserian.

“Shikamoo, fundi,” alisema.

“Marahaba, mama. Karibu, kaa.”

Hakukaa. Nilimfahamu kidogo. Alikuwa Mchaga wa upande wa Marangu, mshonaji, na mumewe, Mwarusha wa Olasiti, alikuwa amefariki mwaka ule ule kabla ya mvua za masika. Nyumba yao ilijengwa pembeni ya shamba la ukoo wa mume. Baba mkwe, enzi za uhai wake, alimwonyesha mtoto wake kipande kile kwa fimbo na kwa mdomo, kama walivyozoea. Hakuna aliyeandika. Sasa ndugu wa marehemu walikuwa wakisema kwamba kuonyeshwa si kupewa, na Olasiti ya leo kila kipande cha ardhi kinatafutiwa mnunuzi.

Yote hayo alinieleza akiwa amesimama, kwa sauti ya mtu anayeagiza kitambaa. Kisha akaniambia jambo lenyewe. Mama mkwe wake, ambaye kila mtu pale alimwita Koko, yaani bibi, alikuwa amekwenda kwa mwanawe mkubwa, Mzee Lemburis, akamsihi aje kwenye kipaimara pamoja na wadogo zake. Mzee Lemburis hakukubali wala hakukataa.

“Koko ananiambia wakija, wakakaa, wakala pale kwenye ule uwanja mbele ya watu wa kanisa, basi,” alisema. “Hawawezi kula kwa mtoto leo na kumfukuza kesho. Mila yao haiwaruhusu. Kwa hiyo, fundi, mimi nataka wale.”

Nikamuuliza maswali yangu matatu. Wa kula walikuwa majirani na washarika. Wa kulishwa ni yeye, Koko na mama wa ubatizo. Wa kukabidhiwa ni pande mbili: kaka zake watakaotoka Marangu, na ukoo wa marehemu mumewe.

“Kwa wajomba nifanyie nusu kilo,” alisema. “Wale ni wangu, wa nyumbani, hata nikiwapa chai kavu hawasemi. Kwa ukoo wa baba, kilo tatu.”

Nilimwambia ndugu wale, hata wakija na wake zao wote, kilo moja inawatosha na kubaki, hasa kwa kuwa watakula pia keki kubwa ya katikati.

“Fundi, huko sitaki uhesabu midomo. Nataka waone nimewaheshimu. Wakiona kadogo watasema mke wa marehemu ana dharau, Mchaga huyu. Si unawajua?”

Niliwajua kiasi. Mimi ni Mmeru, tumepakana nao, tumeoleana nao. Hoja yake niliiona ina maana, na nilipoipima na kila kitu nilichojua, sikupata sababu ya kuikataa. Nikaandika kilo tatu. Keki ya ndani ya oveni ikawa tayari, nikaitoa, na alipotoka dukani alikuwa ametabasamu kwa mara ya kwanza.

Siku ya kipaimara tulipakia kwenye kirikuu, pikapu ndogo ya Sifaeli, dereva niliyemwamini kwa sababu aliogopa mashimo kuliko polisi. Nyuma tulitandika magodoro mawili ya sponji. Barabara ya kuingia Olasiti ilikuwa imechimbwa kwa ajili ya bomba, na Sifaeli alikuwa akitambaa.

“Fundi, hii keki ya ukoo ikidondoka, mimi nashuka hapa hapa naelekea Babati kwa miguu,” alisema. “Utanikuta huko nauza vitunguu.”

“Tazama mbele.”

“Natazama mbele, lakini moyo uko nyuma.”

Tulifika salama. Turubai lilikuwa limefungwa kwenye kona ya nyumba na kwenye mti wa mgrevilea, viti vya plastiki vimepangwa, na Naserian, binti wa miaka kumi na minne, amevaa gauni jeupe ambalo mama yake alilishona kwa mkono kuanzia kola mpaka pindo. Nilipanga keki mezani: ya katikati ghorofa mbili, ya wajomba ile ndogo ya duara upande wa kushoto, na ya ukoo wa baba upande wa kulia, mraba, nyeupe, na maandishi ya krimu ya bluu, “Asanteni Baba Zetu”. Ilikuwa kazi nzuri. Nasema hivyo bila kujisifu. Kona zake zote nne zilikuwa kali.

Walikuja. Ibada ilipokwisha, wageni walipokuwa wameketi, Mzee Lemburis aliingia na wadogo zake wanne, suti na shuka juu ya bega, kila mmoja na fimbo yake. Mama Naserian alikwenda kuwapokea, akawaamkia, wakaitikia. Waliketi mstari mmoja. Waliletewa soda, wakazishika bila kuzifungua. Nilisimama karibu na meza ya keki na kisu changu, nikaona kila kitu, na nikaona pia kwamba Mama Naserian hazitazami sura zao, anazitazama zile chupa. Baada ya muda Mzee Lemburis aliomba kifungulio. Akafungua, akanywa. Wadogo zake wakafungua. Mama Naserian aligeuka akaingia ndani, akatoka amenawa uso.

Keki ya katikati ilikatwa. Naserian alimlisha mama yake, akamlisha mama wa ubatizo, akamlisha Koko, ambaye macho yake yalikuwa na ukungu na alifungua mdomo kabla kijiko hakijafika. Watu walicheka, naye akacheka. Wajomba wa Marangu wakaitwa, wakakabidhiwa ile nusu kilo, wakaipokea kwa vigelegele na kuipeleka kwao. Mjomba mmoja alichovya kidole kwenye krimu akakilamba palepale, na hakuna aliyeona vibaya.

“Sasa ukoo wa baba!” MC alipaza sauti. “Wenye mtoto wao! Jongeeni!”

Ile ya kilo tatu ilibebwa na wasichana wawili, kwa sababu mmoja hakuiweza. Waliinama mbele ya Mzee Lemburis. Hakunyoosha mikono. Aliitazama keki, kisha akatazama meza ya wajomba, akarudisha macho. Akanitafuta mimi.

“Fundi. Hii ni kilo ngapi?”

“Tatu, mzee.”

“Na ile ya wajomba zake?”

“Nusu.”

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeuliza njia na kuonyeshwa.

“Mzee, ukubwa wa keki ni ukubwa wa mapenzi!” MC alisema kwenye kipaza sauti, na watu wakacheka.

Mzee Lemburis hakucheka. Wala hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alizungumza kwa sauti ya kawaida, akimtazama Mama Naserian aliyekuwa amesogea.

“Mke wa mdogo wangu. Mimi nyumbani kwangu nakula kilichopo. Mgeni akija, mgeni ndiye ninamchinjia, ndiye ninamwekea sinia lake peke yake. Sasa hapa naona wajomba wamepewa cha kula, wamekaa wanalamba vidole, wako kwao. Na sisi tumewekewa sinia la mgeni. Hapa, kwenye shamba la baba yetu.”

“Baba mkubwa, sivyo,” alisema Mama Naserian. “Ni heshima. Nilitaka kuwaheshimu.”

“Ndiyo. Mgeni anaheshimiwa sana.”

“Nilikosea, basi. Nikate ndogo? Fundi, kata ndogo, kata kipande tu.”

Nilikuwa tayari nimenyanyua kisu. Mzee Lemburis aliinua kiganja, si kwa ukali, nikasimama.

“Usiharibu keki ya mtu, fundi. Imepambwa vizuri.”

Aliweka chupa yake chini kando ya mguu wa kiti, soda ikiwa nusu. Wadogo zake wakaweka zao. Wakaondoka kwa mstari ule ule walioingia nao. Muziki ulikuwa bado unapigwa, kwa sababu kijana wa spika alikuwa nyuma ya nyumba na hakuona kitu.

Koko, ambaye hakuona vizuri, aliuliza, “Mbona kimya? Wameshakula?”

Mmoja wa wadogo zake Mzee Lemburis alirudi, akamshika mkono, akamwambia kwa Kimaa waende. Koko alielewa. Hakubishana. Alinyoosha kiganja kuelekea mahali alipodhani Naserian yupo, na Naserian akakata kipande cha keki ya katikati akakiweka pale. Yule bibi alikifunga kwenye pindo la shuka lake, akaondoka nacho. Kama alikila huko kwao, sijui.

Keki ya ukoo ilibaki mezani mpaka karibu jioni, ikianza kulegea kona kwa joto la chini ya turubai. Mama Naserian aliniuliza kama naweza kuirudisha dukani. Nilimwambia haiwezekani kuiuza tena, ina maandishi. Akasema, “Wape watoto.” Nikaikata. Watoto wa majirani walikuja wakachukua, wakaja tena, wakaja tena, wala hawakusoma kilichoandikwa. Mmoja alisema ndiyo keki tamu kuliko zote alizowahi kula. Nililifunika sinia kwa kitambaa, nikamwambia Sifaeli tuondoke. Njiani hakufanya mzaha wowote.

Mahindi ya Mama Naserian yaliachwa yavunwe kwanza. Kwa hilo ndugu wa marehemu walikuwa waungwana. Baada ya mavuno walimpa muda wa kuhamisha vitu vyake. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaenda kwa wazee wa kanisa, akaambiwa kila mahali kwamba wazee wa ukoo walikuja kwake, wakaondoka bila kula, na jambo hilo liko wazi. Shamba lilikatwa viwanja. Nyumba ilivunjwa na aliyenunua, ambaye hakuwa na kosa lolote na alijenga nyingine nzuri zaidi. Mama Naserian alipanga chumba hapa Sokon I, mtaa wa pili kutoka dukani. Cherehani yake naisikia nikipita.

Niliendelea na kazi. Lakini tangu siku ile, kila mteja aliyenitajia keki za kukabidhi nilimwambia zote zitoke kwenye bati moja. Wengine walinibishia. Kamati moja ya harusi kutoka Moshono ilinishutumu kwamba natafuta njia ya kuuza zaidi. Niliwaambia wapunguze zote kama wanataka, ziwe robo robo, lakini zilingane. Walikwenda kwa fundi mwingine. Sikuwalaumu, si kila ukoo una shamba lenye mgogoro, na mara nyingi keki ni keki tu. Ugumu ni kwamba mteja hakwambii, au anakwambia yote na wewe huna unachokijua cha kumwambia.

Wiki yangu ya mwisho kazini, daktari akiwa ameshanionya mara ya tatu juu ya vumbi la unga na kifua changu, Mama Naserian aliingia tena. Amekonda. Safari hii alikaa.

“Naserian amemaliza kidato cha nne, fundi. Nifanyie keki.”

Nikamuuliza kama ninavyowauliza wote, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kuanza. “Nani atakula?”

“Mimi na yeye.”

“Nani atalishwa?”

“Mimi na yeye.”

Swali la tatu sikuliuliza. Aliliona nikilimeza, akalijibu mwenyewe. “Hakuna. Koko alishafariki. Tulisikia kwa watu.”

Nikaandika nusu kilo. Alikuwa anainuka, kisha akashika ukingo wa meza.

“Fundi, ungenikatalia siku ile. Ukanifanyia ya nusu kama ya wajomba. Wangekula?”

“Sijui, mama. Nimewaza sana, sijui.”

“Mimi najua,” alisema. “Alikuwa ameshafungua soda.”

Hiyo ndiyo keki ya mwisho niliyooka. Niliipeleka mwenyewe, nikaagiza mlango ufungwe nyuma yangu ili wale wakiwa peke yao.

Kwa hiyo, wenzangu, mabati nimewaachia, mizani ipo, kisu cha Bwana Mathei msikinoe kwenye jiwe. Ulizeni maswali yale matatu, na mkifika kwenye la tatu, ulizeni pia nani ana nini cha kupoteza. Keki za kukabidhi zitoke kwenye bati moja. Kati ya keki aliyopewa mjomba na ile aliyokataa Mzee Lemburis palikuwa na tofauti ya kilo mbili na nusu, ambayo kwa bei yangu ya wakati ule ilikuwa shilingi elfu tisini.